Wolverine na Mtoto Aliyeogopa Kuingia Nyumbani



Kama una mtoto wa kiume wa umri wa shule, huenda umewahi kumkuta uani amepachika vijiti vitatu katikati ya vidole vya kila mkono, ananguruma na kumfukuza mdogo wake kuzunguka nyumba. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu kuwa yeye ni Wolverine. Jina hilo amelipata kwenye televisheni ya jirani, au kwenye banda la video ambako msimulizi hueleza picha za kigeni kwa Kiswahili, au kwenye simu ya kaka yake. Akina mama wengi tunalisikia na kuliacha lipite, kama tunavyoacha yapite majina ya wachezaji mpira. Mwezi huu naomba tukae nalo kidogo. Nyuma ya makucha yale kuna habari ya nyumba moja, ya mama, baba na mtoto wa miaka 8, nayo inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu watoto wetu.

Mtu mmoja, miaka 24

Wolverine ni shujaa wa kubuni. Alitokea kwanza katika vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel huko Marekani mwaka 1974. Ni mtu wa Canada, mfupi, mkali, mwenye hasira za ghafla. Mifupa yake imefunikwa na chuma kisichovunjika, na akitaka kupigana hutoka makucha matatu katika kila ngumi. Akijeruhiwa, kidonda hujifunga chenyewe mara moja. Jina lake ni la mnyama wa nchi za baridi ambaye ni wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Aliyekulia shamba anajua nyegere ni mnyama wa namna gani: umbo dogo, lakini hata wakubwa humpisha njia.

Katika sinema, mwaka 2000 hadi 2024, shujaa huyo alichezwa na Hugh Jackman wa Australia. Ni filamu 10 kwa jumla, ingawa katika mbili kati ya hizo, ya mwaka 2011 na ya mwaka 2016, anaonekana kwa kitambo kifupi tu. Fikiria maana yake. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 alipoona filamu ya kwanza, X-Men, alikuwa na miaka 32 ilipotoka ile ya mwaka 2024. Pengine sasa ni mume wa mtu na baba wa watoto, naye amekua akiangalia sura ileile ikimwonyesha mwanamume mwenye nguvu ni mtu wa namna gani.

Mwanzoni kazi hiyo haikuwa ya Jackman. Alikuwa amechaguliwa mwigizaji wa Scotland, Dougray Scott, lakini filamu nyingine aliyokuwa akiicheza, Mission: Impossible 2, ikachelewa kwisha. Ndipo Jackman akaitwa Toronto, Canada, mwishoni mwa mwaka 1999, upigaji picha ukiwa umekwisha kuanza. Alikuwa na miaka 31. Marekani hakujulikana, Uingereza walimjua kwa kuimba na kucheza jukwaani katika Oklahoma! mjini London mwaka 1998. Tena alikuwa mrefu kupita futi 6, na Wolverine wa katuni ana futi 5 na inchi 3 tu. Hata mnyama mwenye jina lile hakumjua. Alidhani ni aina ya mbwa-mwitu, akaanza kujifunza mwendo wa mbwa-mwitu mpaka alipoambiwa.

Jinsi alivyoipata hasira ya Wolverine amekwisha kuisimulia mwenyewe, nayo itawachekesha walioolewa. Alfajiri moja ya baridi alikwenda kuoga, akajimwagia maji bila kujua kuwa yalikuwa ya baridi kama barafu. Alitaka kupiga kelele, lakini mkewe alikuwa amelala na hakutaka kumwamsha. Akauma meno, akasimama palepale huku mwili mzima ukimtetemeka kwa ghadhabu. Hapo akatambua kuwa huyu ndiye mtu anayemtafuta: ndani anawaka, nje amejizuia. Tangu siku hiyo akawa anaoga maji baridi kila asubuhi ya kazi. Kumbe ngurumo iliyowatisha watu wa dunia nzima ilianza kwa mume aliyeogopa kumkatizia mkewe usingizi!

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Watoto wetu wanapoona kifua na mikono ya Wolverine, wanaamini kuwa mwanamume shujaa huzaliwa hivyo. Tuwaambie ukweli. Mwili ule uliundwa kama jahazi linavyoundwa, na gharama yake ni kubwa.

Angalia filamu ya mwaka 2000 na ile ya mwaka 2013, The Wolverine, utaona kama watu wawili tofauti. Kwa ajili ya ile ya pili, mwigizaji mwenzake Dwayne Johnson alimshauri ale kiasi cha kalori 6,000 kwa siku kwa muda wa miezi sita. Hizo ni karibu mara tatu ya chakula kinachomtosha mama wa kawaida kwa siku nzima: kuku, nyama ya ng'ombe na wali wa mchele usiokobolewa, huku akiinua vyuma vizito. Zilipokaribia siku za kupigwa picha bila shati, alikunywa maji mengi mno, kisha akakaa zaidi ya siku nzima bila kunywa, ili ngozi ikauke na mishipa isimame. Kwa hiyo ile sura ambayo kijana wako ameibandika ukutani ni ya mtu mwenye kiu, aliyepigwa picha katika saa chache zilizopangwa. Kesho yake hakuwa hivyo tena.

Nasema haya kwa sababu vijana wetu wanaingia kwenye vyumba vya mazoezi, na wengine wanauziwa vidonge na sindano za kujaza misuli. Dawa hizo zinaweza kuharibu ini na moyo, tena zinaweza kumwondolea mwanamume uwezo wa kuzaa. Mazoezi ni mema. Lakini kijana anayejidunga sindano ili afanane na picha anafukuza kivuli.

Liko jambo jingine la mwili wa Jackman ambalo kila mke atalielewa. Mwaka 2013 alionekana na alama puani. Mkewe akamhimiza aende kwa daktari. Alipokwenda, ikaonekana kuwa ni saratani ya ngozi, ya aina ambayo haienei kwa urahisi ikiwahiwa. Akatolewa, akatoka hospitali na plasta puani, akawaonyesha watu picha yake na kuwasihi wakapimwe. Tangu hapo imemrudia, na amekuwa akienda kupimwa mara kwa mara. Katika sinema kidonda chake hujifunga chenyewe. Nyumbani ilibidi awepo mtu wa kumwambia, "Nenda ukaonyeshe hiyo." Mama, unajua mara ngapi umeyasema maneno hayo kwa mwanamume asiyetaka kwenda hospitali. Usichoke kuyasema.

Mtoto mbele ya mlango

Sasa nirudi kwenye ile nyumba.

Hugh Jackman alizaliwa Sydney tarehe 12 Oktoba 1968, kitinda mimba wa watoto watano. Wazazi wake walikuwa Waingereza. Walihamia Australia mwaka 1967 katika mpango wa serikali uliomwezesha mtu mzima kusafiri kwa pauni 10 tu. Baba alikuwa mhasibu. Walikuwa Wakristo wenye bidii, walioamshwa na mahubiri ya Billy Graham. Kwa anayeitazama kwa nje, ilikuwa familia kama zile tunazokaa nazo benchi moja kila Jumapili.

Mtoto alipokuwa na miaka 8, asubuhi moja mama yake alimuaga akiwa amejifunga taulo kichwani, naye akaenda shule. Aliporudi hakukuta mtu nyumbani. Kesho yake ikaja telegramu kutoka Uingereza kuwa mama yuko huko. Ndoa ikavunjika. Dada zake wakaishi na mama ng'ambo. Yeye na kaka zake wakabaki na baba. Jackman amesimulia kuwa baba yake aliomba kila usiku mama arudi. Naye mtoto kwa miaka kadhaa alitumaini kuwa siku moja wazazi watapatana.

Katika habari zote za mwigizaji huyu, iko moja iliyonishika zaidi. Alikuwa mara nyingi wa kwanza kufika nyumbani kutoka shule, naye aliogopa kuingia ndani peke yake. Basi alisimama nje na kungoja mpaka mwingine afike. Mtoto mwenye ufunguo wa nyumba, anaogopa nyumba!

Alipokua kijana ule woga ukageuka hasira. Akicheza raga, akipigwa usoni, alipandwa na ghadhabu ambayo haikumwachia nafasi ya kufikiri. Baadaye, alipopewa kucheza mtu wa makucha, hakuhitaji kwenda mbali kuitafuta hasira ile, kwa maana aliijua tangu ujana wake. Katika filamu ya kwanza msichana mmoja anamwuliza Wolverine kama makucha yanauma yanapotoka, naye anajibu kuwa yanauma kila mara. Wengi walioiangalia wamesahau mapigano, lakini jibu hilo wanalikumbuka.

Akina mama, katika mitaa yetu wako watoto wakali. Wanapiga wenzao, wanajibu walimu vibaya, wanavunja vitu. Tunawaita watundu, tunawachapa. Ni vema kumrudi mtoto, lakini kabla ya fimbo tujiulize swali moja: mtoto huyu akirudi nyumbani anamkuta nani? Makucha ya mtoto hutoka mahali panapomwuma.

Na mama yule je?

Najua kilichopita moyoni mwako uliposoma habari ya mama aliyeondoka. "Mama gani huyo?" Hata mimi swali hilo lilikuja kwanza. Lakini habari ina upande wa pili, nao ameueleza mwanawe mwenyewe alipokwisha kuwa mtu mzima. Baada ya kumzaa, mama yake aliugua sonona, ile huzuni nzito inayowapata baadhi ya wanawake wakishajifungua, hata akalazwa hospitali. Alikuwa na watoto watano, katika nchi ya kigeni, bila mama mzazi, bila dada, bila shangazi wa kumpokea mtoto mgongoni. Sisemi kuwa hiyo ndiyo sababu pekee ya ndoa ile kuvunjika. Ila nasema mama yule alibeba mzigo mkubwa bila wasaidizi. Mwanawe alipoelewa hivyo, alimsamehe, wakapatana, na uhusiano wao umekuwa mwema kwa miaka mingi.

Ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa duniani kote karibu wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea hufikia karibu 20. Maana yake, wakikaa wazazi watano wapya kwenye benchi la kliniki, huenda mmoja wao anaugua. Sisi tunampa majina mengine. Tunasema ana kiburi, ni mvivu, hampendi mtoto, amelogwa, ama imani yake ni haba.

Ni vizuri tujue tofauti. Kulialia na kuchafuka moyo katika siku za kwanza baada ya kujifungua ni kawaida, na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Lakini ikipita wiki mbili na mama bado analia, hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hana hamu ya kula, haoni furaha kwa mtoto, anajiona hafai, basi huo ni ugonjwa. Aende kituo cha afya na asemee hilo waziwazi, maana wauguzi wakiangalia uzito wa mtoto tu huenda wasimwangalie mama. Sonona hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na kwa dawa ikihitajika. Na kama anasema anatamani kufa, au anaogopa atamdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na sisi wa kanisani tumkumbuke Eliya chini ya mretemu. Nabii mkubwa, aliyekuwa ametoka kwenye ushindi, alikaa jangwani akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mazungumzo juu ya utume yalikuja baadaye mlimani. Basi tukienda kumwona mzazi, tusiende na maneno matupu na kanga ya zawadi. Twende na uji. Tumfulie nepi. Tumshike mtoto saa mbili ili mama alale. Anaweza kukuambia kwamba hiyo ndiyo sala iliyojibiwa.

Shujaa anapozeeka

Mwaka 2017 ilitoka filamu iliyoitwa Logan, jina la Wolverine nje ya vita. Nawaonya mapema: haifai watoto. Ina damu nyingi na matusi, na Marekani walio chini ya miaka 17 hawakuruhusiwa kuingia bila mtu mzima. Ila kwa watu wazima kuna jambo ndani yake.

Logan amezeeka. Vidonda havijifungi upesi kama zamani. Anaendesha gari la kukodi karibu na mpaka wa Mexico, na fedha anayopata ananunua dawa. Dawa hizo ni za Profesa Charles Xavier, mzee aliyekuwa mwalimu na kiongozi wa mashujaa wote, ambaye sasa akili yake inapotea kwa uzee na maradhi. Shujaa yule wa makucha anamhesabia mzee vidonge. Anamsaidia chooni. Anamnyanyua na kumpandisha ngazi hadi kitandani. Anagombezwa na mzee asiyejua anachosema, naye ananung'unika, lakini hamwachi. Kisha anaangukiwa na mtoto wa kike, Laura, mwenye makucha kama yake na hasira kama yake, aliyelelewa maabara bila mama wala baba.

Usiku mmoja familia moja ya wakulima inawakaribisha mezani. Ni chakula cha kawaida cha familia, na mazungumzo ya kawaida. Mzee anamwambia Logan kuwa maisha ndiyo haya, nyumba na watu wanaopendana, na kwamba ayaonje maadamu nafasi ingalipo. Logan hakuwahi kuwa na meza kama ile. Mwishoni anakufa akimtetea mtoto, na mtoto anamwita baba.

Dada yangu unayemwuguza mkwe aliyepoteza kumbukumbu, anayekuita kwa jina la marehemu na kukusingizia kuwa umemwibia, unajua kuwa kazi ile inahitaji nguvu kuliko kupigana na majambazi. Tena huifanya bila kupigwa picha. Katika filamu zile zote, mimi naona nguvu kubwa ya Wolverine ilionekana pale alipomshika mzee mkono. Basi kwa nini wana wetu tunawaondoa jikoni na kwenye chumba cha mgonjwa, tukisema hizo ni kazi za wasichana? Mvulana ampelekee bibi maji ya kuoga. Amlishe babu uji. Abembeleze mdogo wake. Mke atakayemwoa atakushukuru, na hata akizaliwa mtoto nyumba yake itakuwa na mikono minne.

Tusimfanye mwalimu wa kila kitu

Jackman alisema Logan ndiyo mwisho, lakini mwaka 2024 akarudi katika Deadpool & Wolverine. Alikuwa na miaka 55, akaujenga mwili ule upya, na filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hiyo nayo si ya watoto, ingawa mavazi yake ya njano yanawavutia kama peremende.

Wako wanaompenda sana mwigizaji huyu kwa sababu ya familia yake. Alifunga ndoa na mwigizaji Deborra-Lee Furness mwezi Aprili 1996. Baada ya mimba kuharibika waliasili watoto wawili, mmoja mwaka 2000 na mwingine mwaka 2005, wakawa wanasema wazi kuwa mtoto wa kuasili ni mtoto kamili. Hilo ni jema, na wako ndoa za kikanisa zinazohitaji kulisikia. Kwa miaka mingi magazeti yaliwataja kama mfano. Kisha Septemba 2023 walitangaza kutengana baada ya miaka 27, na mwaka 2025 talaka ikakamilika.

Sitaingia chumbani mwa watu. Ninachosema ni kwamba mtu akicheza vizuri kwa miaka 24 amekuwa fundi wa kuigiza, na tumpe sifa ya ufundi wake. Ndoa yangu na yako haziwezi kusimama juu ya mfano wa nyota wa sinema, wala imani yetu isitikisike akianguka. Samsoni naye alikuwa na nguvu za ajabu, na nyumbani alishindwa. Maandiko hayakumficha.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tuangalie pamoja na watoto. Kukataza tu humpeleka mtoto banda la video kwa siri. Ujue filamu ni ya umri gani, na zile mbili nilizozitaja kuwa za watu wazima ziachwe kwa watu wazima.

Pili, tuwaulize watoto maswali. Yule aliyepigwa, nani alimwuguza? Wolverine alipokuwa mdogo, nani alimpenda? Kwa nini ana hasira? Mtoto wa miaka 10 anaweza kujibu vizuri kuliko unavyodhani, na katika majibu yake utasikia habari zake mwenyewe.

Tatu, tuangalie saa ya kurudi shule. Wengi wetu tuko sokoni, ofisini au shambani saa hiyo, na riziki haipatikani kwa kukaa mlangoni. Lakini mtoto ajue anayemkuta, iwe ni bibi, jirani, au dada wa kazi mwenye moyo mwema. Na usiku, baba akiwa amefika, atafutwe mtoto aulizwe siku yake ilikuwaje. Baba yake Jackman alikuwa na kazi ya ofisini na vijana wa kulea peke yake, na hakuwaacha. Alifariki Septemba 2021, na mwanawe amemtaja siku zote kuwa ndiye aliyemfundisha kusimama.

Nne, katika kikundi chenu cha akina mama, wekeni zamu ya kuwatembelea waliojifungua, siyo wiki ya kwanza tu wakati nyumba imejaa wageni, bali wiki ya tatu, ya sita na ya kumi, wageni wanapokuwa wamekwisha kwenda zao.

Bwana awape nguvu katika nyumba zenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa au jumuiya yetu, ni mzazi gani aliyejifungua miezi mitatu iliyopita na hatujamwona kanisani? Nani ataenda kwake wiki hii, na atabeba nini?

2. Wana wetu wanaona nguvu za mwanamume ni nini? Wamejifunza hivyo kwa nani?

3. Soma 1 Wafalme 19. Malaika alimpa Eliya nini kabla ya kumpa kazi? Sisi hutoa kipi kwanza?

4. Mtoto wako akirudi shule leo, anamkuta nani?